Nani Aliandika 37?

Mama mmoja alinipigia simu saa mbili usiku. Hakuwa na hasira. "Mwanangu," akasema, "hiyo programu yako imenizaa siku ya pili yake."

Nilikuwa nimeandika programu ya kuhamisha kumbukumbu za watu kutoka kwenye lahajedwali ya Excel, yaani jedwali la hesabu la kwenye kompyuta, kwenda kwenye hifadhidata: majina, namba za simu, tarehe za kuzaliwa. Majina yalihama salama, namba za simu vilevile. Tarehe nazo zilihama, ila kila moja ilikuwa imesogea mbele siku moja. Watu elfu na kitu, wote wamecheleweshwa kuzaliwa, na hakuna aliyeona hadi mama huyu alipolitafuta jina lake mwenyewe kwenye orodha.

Nilikesha na tatizo lile. Lahajedwali haiweki tarehe jinsi tunavyoisoma. Inaweka namba, yaani hesabu ya siku tangu mwaka 1900 ulipoanza: 1 Januari ni siku ya 1, 2 Januari ni siku ya 2, na kuendelea hivyo hadi leo. Nikahesabu kwa msimbo, yaani amri za programu, nikahesabu tena kwa kalamu na karatasi. Siku ya 59 ni 28 Februari 1900. Hapo mimi na lahajedwali tulikubaliana. Siku ya 60, kwa hesabu yangu, ni 1 Machi. Nikaiandika 60 kwenye kisanduku kitupu, nikaiambia lahajedwali inionyeshe kama tarehe. Ikanionyesha 29 Februari 1900.

Siku hiyo haikuwahi kuwapo. Katika kalenda tunayoitumia, mwaka unaogawanyika kwa 4 ni mwaka mrefu, lakini mwaka unaofunga karne hauwi mrefu mpaka ugawanyike kwa 400. Mwaka 2000 ulikuwa mrefu. 1900 haukuwa. Mbele yangu, kwenye programu inayotumiwa dunia nzima kupiga hesabu za mishahara na madeni, kulikuwa na siku ambayo jua halikuchomoza.

Kosa lilikuwa langu, kwa sababu jambo hili limeandikwa wazi kwa miaka mingi nami sikusoma. Nilirekebisha kwa mstari mmoja, tarehe zikarudi mahali pake, nikampigia yule mama asubuhi kumwomba radhi. Ila sikuweza kuliacha hapo. Nilitaka kujua ile siku ya ziada iliingiaje.

Ilianza na Lotus 1-2-3, lahajedwali iliyotoka mwaka 1983 na kutamba kwenye kompyuta ndogo za wakati huo. Yenyewe iliuhesabu mwaka 1900 kuwa mrefu. Maelezo ya kawaida ni kwamba ilirahisisha kazi: kati ya 1900 na 2099 mwaka pekee unaovunja kanuni ya kugawanya kwa 4 ni huo 1900, na ukiufumbia macho, kanuni nzima inabaki jaribio moja dogo. Kumbuka kwamba IBM PC ya mwaka 1981, katika umbo lake la chini kabisa, iliuzwa ikiwa na kilobaiti 16 za kumbukumbu. Picha moja ya simu ya leo isingeingia humo hata robo. Kisha Excel ikaja kushindana na Lotus, na watu waliokuwa na mafaili yao ya Lotus walitaka kuyafungua bila tarehe zao kuhama. Basi Excel ikalibeba lile kosa kwa makusudi. Cha kuvutia zaidi, upande wa Macintosh walianza kuhesabu siku mwaka 1904, wakaukwepa kabisa mtego wa 1900. Kwa hiyo kwa miaka mingi kulikuwa na mafaili ya aina mbili yaliyopishana kwa siku 1,462, na ukinakili tarehe kutoka moja kwenda nyingine bila kuangalia unajikuta umeruka miaka minne.

Tangu usiku ule naitazama kazi yangu kwa jicho jingine.

Nilipoanza kujifunza programu nilidhani kompyuta ni kama mvua au mvutano wa dunia: ina kanuni zake, zimekuwapo, wewe unazikuta na kuzitii. Vitabu navyo vinafundisha hivyo. Herufi A ni 65. Mstari wa msimbo usizidi herufi 80. Saa ya kompyuta huanza 1 Januari 1970. Unakariri, unafaulu, unaendelea. Hakuna aliyeniambia kwamba nyuma ya kila namba hizo yupo mtu aliyekaa, akapima, akaamua. Na kwamba mtu huyo alikuwa na haraka, au na mashine mbovu, au na wateja kumi na wawili tu.

Hizo herufi 80, kwa mfano, ni upana wa kadi. Mwaka 1928 IBM ilitoa kadi ya matundu yenye safu 80, na programu na data zikaandikwa kwenye kadi hizo kwa miongo kadhaa. Skrini zilipokuja, zikapewa upana ambao macho yalikwishauzoea. Kadi zimekwenda na skrini zile za kijani zimekwenda, lakini mwongozo rasmi wa mtindo wa Python, lugha ya kuandikia programu, bado unataka mstari usizidi herufi 79.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni 127.

Mfumo wa herufi uitwao ASCII ulitangazwa Marekani mwaka 1963. Kila alama ina biti saba, yaani tarakimu saba za 0 au 1, kwa hiyo namba zinaanzia 0 hadi 127. Alama 32 za mwanzo, kuanzia 0 hadi 31, ni amri: lia kengele, shuka mstari, maliza ujumbe. Kisha zinafuata nafasi, tarakimu na herufi. Halafu, mbali kabisa na amri zenzake, mwisho wa jedwali, peke yake, inakaa amri ya kufuta. Kwa nini kule? Nilipoanza nilidhani iliwekwa tu palipobaki nafasi.

Zamani hizo maandishi yalitobolewa kwenye utepe wa karatasi. Kila herufi ilikuwa safu moja ya matundu: palipo na 1 pana tundu, palipo na 0 hapana. Sasa wewe umekaa kwenye mashine, umetoboa herufi isiyo yake. Utafanyaje? Tundu likishatobolewa halizibiki. Lakini unaweza kurudisha utepe nyuma hatua moja na kutoboa yote yaliyobaki katika safu ile. Herufi yoyote uliyokosea, ukitoboa matundu yote saba, inakuwa kitu kimoja: 1111111. Hiyo ndiyo 127. Na mashine ya kusoma ikafundishwa kwamba ikikuta safu iliyotobolewa yote, iiruke.

Nilipolielewa hilo nilisimama nikatembea chumbani. Kitufe ninachokibonyeza labda mara elfu kwa siku, na namba niliyoipita mara nyingi bila kuitazama, kumbe ina karatasi ndani yake. Mtu alifikiri: karatasi haisamehe, basi tutafute njia ya kusamehe inayoanzia kwenye karatasi yenyewe. Mimi naona huo ni ufundi wa hali ya juu, na sijawahi kuandika kitu kizuri kiasi hicho.

Mwisho wa mstari una hadithi ya namna hiyo. Mafaili ya Windows humaliza mstari kwa alama mbili, ya 13 na ya 10. Mafaili ya Unix, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, humaliza kwa moja tu, ya 10. Kila aliyewahi kuhamisha msimbo kati ya mifumo hiyo miwili anaujua usumbufu wake. Alama mbili zile ni miendo miwili ya teletaipu, ile taipureta iliyounganishwa na waya: mmoja unarudisha kichwa cha kuchapa mwanzo wa mstari, mwingine unasogeza karatasi juu. Mashine iliyokuwa ikichapa herufi 10 kwa sekunde haikuwahi kumaliza kurudisha kichwa kabla ya alama inayofuata kufika, kwa hiyo kutanguliza kurudi na kufuatisha karatasi kuliipa nafasi ya kufika. Leo hakuna kichwa wala karatasi. Alama mbili zimebaki kwenye mabilioni ya mafaili, zikisubiri chuma kifike mwanzo wa mstari.

Mengine hayana hata uzuri huo, yamebaki kwa sababu tu yaliwahi. Katika maombi ambayo kila kivinjari hutuma kwenye seva kuna mstari wa maelezo, uitwao kichwa, unaosema umetoka ukurasa upi. Jina lake huandikwa "Referer", kwa upungufu wa r moja. Liliingia kwenye HTTP, kanuni za mazungumzo ya vivinjari na seva, miaka ya tisini, na halisahihishiki tena kwa sababu dunia nzima imeshalijua hivyo. Unix ina amri ya ndani ya kuumba faili iitwayo "creat", pasipo e ya mwisho, na Ken Thompson, mmoja wa walioiunda Unix, alipoulizwa angebadilisha nini kama angeanza upya, alijibu kwamba angeiongeza hiyo e. Mafaili yanayoanza na nukta hufichwa machoni, na Rob Pike, aliyefanya kazi na watu hao, amesimulia kwamba ilikuwa bahati mbaya. Walitaka kuficha majina mawili tu, nukta moja na nukta mbili, yanayomaanisha folda hii na folda iliyo juu yake. Aliyeandika jaribio akaangalia herufi ya kwanza pekee. Jina lolote lenye nukta mbele likafichwa pamoja na yale mawili, watu wakaligundua tobo hilo, wakaanza kulijaza mipangilio ya programu zao, na sasa ni desturi ya mifumo yote ya jamii ya Unix.

Kisa cha Stuart Feldman ndicho kinachonigusa zaidi. Mwaka 1976, pale Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, aliandika make, programu inayojua ni sehemu gani za msimbo zimebadilika na zipi zinahitaji kujengwa upya. Ndani ya faili lake, mstari wa amri lazima uanze na Tab. Ukiweka nafasi nane zinazofanana na Tab kabisa machoni, inakukatalia. Kizazi baada ya kizazi kimelalamika. Feldman mwenyewe ameeleza: aliona mapema kwamba ni kasoro, lakini tayari alikuwa na watumiaji wapatao kumi na wawili, wengi wao marafiki zake, na hakutaka kuwaharibia kazi.

Kumi na wawili. Kila nikikisoma kisa hiki nawaza ningefanya nini mimi, na jibu langu huwa lilelile. Ningewaonea huruma marafiki zangu kumi na wawili. Mtu hawaoni mamilioni ambao bado hawajafika. Anawaona walio mbele yake, wana kazi ya kumaliza leo. Ndiyo maana simvumilii tena mtu anayefungua msimbo wa zamani na jambo la kwanza analosema ni kwamba aliyeuandika alikuwa mjinga. Nimeyasema maneno hayo mimi mwenyewe miaka ya nyuma, kwa sauti, mbele ya watu, na najuta.

Sasa niseme habari ya 37.

Mwaka mmoja tulimpata msichana mpya kazini, mwepesi wa kusoma msimbo kuliko wengi wetu. Wiki yake ya pili alikuja mezani kwangu na kompyuta mpakato mikononi. "Kaka, samahani. Hapa programu inawasha kipima joto, halafu inasubiri sekunde 37, ndipo inakisemesha. Kwa nini 37?"

Nikamwambia aangalie nani aliandika. Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds Aprili 2005, huweka historia ya kila mstari: nani, lini, na neno aliloacha. Akageuza skrini nione. Jina langu. Na neno nililoacha lilikuwa moja tu: "rekebisho".

Sikukumbuka chochote. Nilijaribu. Kama ingekuwa 30 ningesema nilikadiria. Kama ingekuwa 60 ningesema nilitaka dakika nzima. Lakini 37 si namba ya kukadiria, 37 ni namba ya mtu aliyepima kitu. Nilipima nini? Yeye akanisubiri kwa heshima, na ukimya ule ulinielemea. Miaka yote ile nilikuwa nikiwatafuta watu nyuma ya namba za wengine, na hapa nilikuwa mimi ndiye mtu wa nyuma ya namba, sina la kumjibu.

Siku hizi kuna programu zinazoandika msimbo, nami nazitumia. Nilimwuliza mojawapo kuhusu mstari ule. Ilinipa sababu tatu zilizopangwa vizuri, zote zinawezekana, na zote ni za kubuni, maana haikuwapo siku ile. Hili linanitia wasiwasi kuliko habari ya nani atabaki na kazi. Mashine inaweza kuandika 37 bila kuwahi kushika saa, na mtu wa kesho atakayeuliza hatakuwa na hata jina la kwenda kuligongea mlango.

Jibu lilitoka kwenye droo. Nina droo ya vifaa vya zamani ambavyo sivitupi: simu yenye vitufe, ruta mbili, nyaya zisizo na mwenzake, kumbukumbu za megabaiti 64. Wenzangu huniuliza za nini. Chini kabisa tulikikuta kipima joto cha kwanza kabisa tulichowahi kukiunganisha na programu ile, kisanduku cha plastiki kilichokuwa cheupe na sasa ni cha manjano, chenye kiskrini cha mistari miwili. Nilipokishika mkononi mambo yakaanza kunirudia. Kikiwashwa kilikuwa kizito kuamka. Ukikisemesha kabla hakijawa tayari, kilijifunga kabisa, mpaka ukikatie umeme na kuanza upya.

Tulikifungua kwa bisibisi. Skrubu nne, hakuna gundi. (Vifaa vya sasa vimefungwa kwa gundi kiasi kwamba kukifungua ni kukivunja, na mimi naliona hilo ni hasara kwa kila anayetaka kujifunza.) Tukasafisha miguu ya betri iliyoota kutu ya kijani, tukaweka betri mpya, yeye akashika saa ya simu yake, mimi nikabonyeza.

Sekunde 33. Tukarudia: 34. Tukarudia tena: 33.

Hapo nikajiona waziwazi, kijana wa miaka ile, saa mkononi, amepima 34, akaongeza tatu za tahadhari, akaandika 37, akaandika "rekebisho", akaenda kulala. Kazi ilikuwa nzuri na ilihitajika. Lakini vile vipima joto vilikwisha kuondolewa vyote zamani. Vya sasa huamka chini ya sekunde mbili. Kwa miaka mingi, kila mtu aliyefungua programu yetu alikaa akisubiri sekunde 37 kumpisha mgeni aliyekwisha kuondoka.

Kabla hatujakirudisha, yule msichana akaniuliza kama saa ya ndani ya kisanduku kile ni ya biti 32. Ilikuwa ndiyo. Tukatazamana, tukajua sote tunachotaka kufanya.

Mifumo mingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu 1 Januari 1970. Ukizihesabu kwa namba ya biti 32 yenye alama ya kujumlisha na kutoa, hesabu inafika mwisho kwenye 2,147,483,647. Kwa saa ya UTC, saa ya pamoja ya dunia, hapo ni 19 Januari 2038, 03:14:07. Sekunde inayofuata haina mahali pa kukaa. Walioiweka namba hiyo miaka ya sabini hawakukosa akili. Tayari walikuwa wamejipa zaidi ya nusu karne mbele, kwenye mashine ambazo hakuna aliyetarajia zingeishi miaka kumi. Kompyuta na simu za sasa zimehamia biti 64. Kinachobaki ni vitu vidogo vilivyofungwa ukutani na kusahauliwa, ndugu zake kile kisanduku.

Tukaweka tarehe: 19 Januari 2038. Saa: 03:14:00. Tukaweka vichwa vyetu karibu na kiskrini. Tano. Sita. Saba.

13 Desemba 1901, 20:45:52.

Hakikulia, hakikuzima. Kiliendelea kupima joto la chumba kama kawaida, nyuzi 24, kikiwa mwaka 1901, miaka 68 kabla ya siku yake ya kwanza. Nimesoma habari za mwaka 2038 mara nyingi sana, nimezieleza kwa wengine, lakini sikuwahi kuuona mpaka wenyewe. Tulirudia mara nne.

Alasiri ile aliufuta mstari wa 37. Nilipoona mabadiliko yake yamefika, nilisoma neno aliloacha. Lilikuwa refu kuliko msimbo aliougusa: kwamba kipima joto cha kwanza kiliamka kwa sekunde 33 hadi 34, kwamba kilijifunga kikisemeshwa mapema, kwamba tumekipima upya leo, na kwa njia gani, kwamba vyote vya aina hiyo vimeondolewa, kwamba vipya huamka chini ya sekunde mbili, hivyo sasa tunasubiri tano, na kwamba kama siku moja mtu ataunganisha tena cha zamani, arudishe 37.

Nikakirudisha kisanduku kwenye droo, betri zikiwa pembeni. Juu yake nimebandika karatasi: "Huamka kwa sekunde 34. Usikisemeshe mapema."